Hospitali iliyojengwa kwa michango: pesa za Wasomali wa ughaibuni zinavyofanya kazi, na zinapokwama

Kuchangisha pesa za kujenga vyumba vinne vya madarasa Burco au Baidoa si jambo la kuwashinda Wasomali wa London, Minneapolis au Tampere. Mzee anayeheshimika anatoa neno, kina mama wanafungua kikundi cha WhatsApp, ukumbi unakodiwa Jumamosi jioni, na miezi michache baadaye mafundi wanapiga mabati. Kazi ngumu inaanza siku milango inapofunguliwa. Nani atamlipa mwalimu mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka wa tano? Mkunga akipata kazi yenye mshahara mnono kwenye shirika la kimataifa, nani atashika zamu yake ya usiku?

Jumuiya za hisani za Wasomali wa ughaibuni hudumu au hufa kwa maswali hayo. Zisizokuwa na jibu huacha nyuma jengo zuri lenye kufuli. Afrika Mashariki tunaishi na Wasomali, tunafanya nao biashara, na walimu wengi kutoka Kenya wamefundisha katika shule za Hargeisa, Garowe na Mogadishu. Hata hivyo mazungumzo yetu kuhusu pesa zao huishia kwenye mambo mawili: utajiri wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na hofu ya ugaidi. Kuna mengi zaidi ya hayo, na yanastahili kuelezwa kwa utulivu.

Walioondoka ndio waliokuwa wakiziendesha wodi

Mwaka 1988 ndege na mizinga ya utawala wa Siad Barre iliishambulia Hargeisa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Ethiopia. Januari 1991 utawala wenyewe ukaanguka Mogadishu. Mwezi Mei mwaka huo kaskazini ikajitangazia uhuru kwa jina la Somaliland. Kusini kukabaki vita. Wauguzi, walimu, mafundi wa maabara na madaktari waliopata njia waliondoka. Wengi walipitia kwetu: kambi za Dadaab, kambi ya Utange karibu na Mombasa, vyumba vya kupanga vya Eastleigh, na kutoka hapo Canada, Uingereza, Uholanzi, Norway na Marekani. Kuna waliofika Finland mwaka 1990 kwa kupitia Moscow, Umoja wa Kisovyeti ukiwa katika miaka yake ya mwisho.

Shule za serikali zilivunjwa mpaka milango na mabati yakaibwa. Hospitali zilizobaki zilibaki kuta. Hata leo takwimu zinaumiza: utafiti wa afya na idadi ya watu uliotolewa na serikali ya Somalia mwaka 2020 ulikadiria vifo 692 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa namna hiyo Somaliland, mwaka huohuo, ulipata 396. Tofauti hiyo haikuletwa na michango peke yake, maana amani ndiyo iliyotangulia, lakini amani ndiyo pia iliyowawezesha watu wa nje kurudi na kujenga.

Benki ya Dunia mwaka 2016 ilikadiria kwamba Wasomali wa nje hutuma nyumbani dola bilioni 1.4 kwa mwaka, karibu asilimia 23 ya pato la taifa. Pesa nyingi katika hizo ni za familia: kodi ya nyumba, unga, karo ya mpwa, dawa za kisukari za mama. Makadirio ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011 yalisema dola kati ya milioni 130 na 200 kwa mwaka ndizo zilizokwenda kwenye misaada na miradi ya jamii. Muhimu kuliko tarakimu zenyewe ni kwamba mifuko hiyo miwili inatoka kwa mtu mmoja. Muuguzi wa Leicester anayemtumia mama yake dola 200 kila mwezi ndiye anayeombwa dola 50 za kununulia hospitali jenereta. Mama hawezi kusubiri, kwa hiyo hospitali hula kinachobaki.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini michango hupanda ghafla wakati wa ukame au mlipuko wa bomu, halafu hushuka miezi ya kawaida. Ukarimu upo palepale. Mtu amekwishatumia alichonacho, na kodi ya nyumba yake mwenyewe ulaya inamsubiri.

Kutoka qaaraan hadi namba ya usajili

Wasomali hawakujifunza kuchangishana ughaibuni. Qaaraan, mchango wa ukoo kwa mtu aliyepatwa na jambo, ni wa zamani kuliko mipaka ya nchi zetu. Mtu akiua kwa bahati mbaya barabarani, ukoo unachanga diya, yaani fidia ya damu. Mgonjwa akihitaji kupelekwa India kwa upasuaji, simu zinapigwa. Wanawake nao wana hagbad, upatu wao, na mara nyingi mtandao huohuo wa hagbad ndio unaogeuka kamati ya kusaidia zahanati. Kina mama hao wanajua nani hulipa kwa wakati na nani huahidi tu. Hakuna benki yenye kumbukumbu bora.

Jumuiya ya hisani inazaliwa pale kamati kama hiyo inapoamua kujisajili. Uingereza, ukipokea zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka unatakiwa kujiandikisha kwa Tume ya Mashirika ya Hisani, uwe na wadhamini, uwasilishe hesabu. Faida yake ni kubwa: mtoaji anayelipa kodi akijaza fomu, serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni moja aliyotoa. Nchi za kaskazini ya Ulaya zimekwenda mbali zaidi. Denmark, kupitia baraza lake la wakimbizi, imekuwa ikitoa ruzuku kwa jumuiya za Wasomali tangu mwaka 2010, na Finland, Norway na Sweden zimekuwa na mipango inayofanana nayo, ambapo jumuiya huleta sehemu yake na mfuko wa umma huongezea.

Hapo ndipo watu wazuri huanza kuchoka. Mweka hazina ni dereva wa basi anayepanga risiti baada ya zamu. Katibu ana watoto wanne na shahada ya ukunga isiyotambuliwa na nchi aliyohamia. Mfadhili anataka ripoti ya kurasa 30 kwa Kidenmark, yenye viashiria na jedwali la vihatarishi, wakati mshirika wao kijijini anaandika hesabu kwenye daftari, na stakabadhi ya mzee wa punda aliyeleta maji haipo kwa sababu mzee hajui kuandika. Nimesoma mengi yanayowalaumu Wasomali kwa hesabu mbovu. Wanaolaumu wangeangalia kwanza ni nani anayezifanya hesabu hizo, saa ngapi za usiku, na kwa malipo gani. Kwa kawaida hakuna malipo.

Njia ya pesa

Tuseme jumuiya imepata dola 8,000 za kulipa wakunga watatu kwa mwaka. Pesa zipo Birmingham, wakunga wapo Ceerigaabo. Zitafikaje?

Kwa miaka mingi baada ya 1991 hapakuwa na benki ya kuzipokea upande wa pili. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni za hawala, na bado zinaifanya. Wakala wa Birmingham anapokea fedha na kuandika jina na namba ya simu ya mpokeaji. Ujumbe unafika Ceerigaabo dakika hiyohiyo, na mara nyingi mpokeaji anaingiziwa kwenye simu, kwa huduma za pesa za simu kama Zaad iliyoanzishwa Somaliland mwaka 2009 au EVC Plus kule kusini. Fedha zenyewe hazijasafiri. Wakala wa kule amelipa kutoka kwenye akiba yake, na kampuni italinganisha hesabu baadaye, kwa kawaida kupitia Dubai, ambako wafanyabiashara wa Kisomali hununua mchele, nguo na vifaa vya umeme vinavyorudi nyumbani kwa meli. Mfumo mzima umesimama juu ya uaminifu na mizigo.

Lakini kampuni ya hawala inahitaji akaunti ya benki Uingereza au Marekani ili kuzikusanya fedha za mawakala wake, na hapo ndipo shingo ya chupa ilipo. Novemba 2001 Marekani ilizifungia mali za Al-Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za Kisomali, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Wachunguzi wa tume ya Septemba 11 baadaye hawakupata ushahidi wa kuihusisha na mashambulio yale, lakini akiba za watu wa kawaida zilikuwa zimekwishanaswa. Mwishoni mwa 2011, mwaka uleule wa njaa kubwa ya Somalia, benki ya Minnesota iliyokuwa tegemeo la kampuni hizo ilisitisha huduma. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ikatangaza kufunga akaunti za kampuni za kutuma fedha. Dahabshiil, kampuni kubwa ya hawala, ilikwenda mahakamani na kupata amri ya kuizuia kwa muda, na hata mwanariadha Mo Farah, mzaliwa wa Somalia, alipaza sauti. Februari 2015 benki ya California iliyokuwa ikishughulikia sehemu kubwa ya fedha kutoka Marekani ikafunga mlango. Kampuni nyingine zikalazimika kubeba noti kwenye masanduku kwa ndege hadi Dubai, kwa tamko halali la forodha.

Na sisi tulifanya la kwetu. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala. Hasira ya wakati ule ilikuwa ya haki. Lakini walioumia mara moja walikuwa familia za Eastleigh, Dadaab na Somalia ambazo hazikuwa na mkono wowote katika unyama ule. Leseni zilirudishwa mwezi Juni.

Benki zina sababu zao, na si zote ni chuki. Faida ya akaunti ya hawala ni ndogo, na faini ya kosa moja inaweza kuwa kubwa mno: benki ya HSBC ililipa dola bilioni 1.9 mwaka 2012 katika kesi iliyohusu hasa fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico, na baada ya hapo kila benki ikaanza kupunguza wateja wanaotia wasiwasi. Zahanati ya Ceerigaabo inajikuta inalipa gharama ya makosa yaliyofanyika bara jingine. Jumuiya inayotuma kupitia benki huona fedha zikisimamishwa wiki kadhaa kwa sababu kwenye maelezo imeandikwa Somalia. Inayotuma kupitia hawala huulizwa na mkaguzi kwa nini haikupitia benki. Kiongozi mzuri wa jumuiya hutunza kila karatasi, hutuma kwa mafungu, na huweka akiba ya mishahara ya miezi kadhaa upande wa pili ili wakunga wasikae njaa wakati ofisa wa benki anasoma faili.

Hospitali ya Edna na chuo cha Amoud

Kueleza kwa mifano ni bora, na mifano miwili ya Somaliland inajulikana vizuri kiasi cha kusemwa bila kubahatisha.

Edna Adan Ismail alizaliwa Hargeisa mwaka 1937, binti wa daktari. Alisomea uuguzi na ukunga Uingereza, akarudi nyumbani, akaolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Somalia, kisha akalitumikia Shirika la Afya Duniani mpaka alipostaafu mwaka 1997. Mafao yake aliyapeleka kwenye kiwanja kilichokuwa jalala katika mtaa wa maskini wa Hargeisa, mahali ambapo enzi za Siad Barre palikuwa pa kuulia watu. Aliuza na mali zake. Fedha zilipopungua, walimsaidia wafanyabiashara wa mjini, mashirika ya Umoja wa Mataifa, Wasomali wa nje, na Wamarekani kadhaa waliosoma habari zake gazetini na kuunda kikundi cha marafiki wa hospitali. Machi 2002 hospitali ya wazazi ikafunguliwa.

Jambo la kuangalia kwa makini hapa ni mpangilio wa kazi. Kabla hospitali haijafunguliwa, wakati mafundi bado wako kwenye kuta, Edna alikuwa ameshaanza kufundisha wauguzi. Alijua kwamba jengo bila watu litakuwa kambi ya popo. Baadaye hospitali ikazaa chuo kikuu, na ada za wanafunzi zikawa moja ya nguzo zinazoibeba. Alipopewa Tuzo ya Templeton mwaka 2023 alikuwa bado anaishi ndani ya hospitali yenyewe.

Ndani ya wodi ile mtu anaelewa kwa nini mkunga aliyezaliwa na lugha hana mbadala. Mwanamke analetwa kutoka kijijini baada ya uchungu wa siku mbili. Karibu wanawake wote wa Kisomali wamekeketwa, asilimia 99 kwa utafiti wa 2020, na kovu la ukeketaji huongeza hatari ya kuchanika na kutokwa damu. Upasuaji unahitajika sasa hivi, lakini kwa desturi ndugu wa kiume ndiye anayetoa ruhusa, na hayupo. Mkunga anashika simu. Anamtafuta mjomba, anajua aseme nini, kwa heshima gani, na lini apandishe sauti. Mtaalamu wa kigeni angeshika kisu vizuri, lakini simu ile ingemshinda.

Amoud ni habari nyingine. Borama, mji ulio karibu na mpaka wa Ethiopia, ulikuwa na majengo matupu ya shule ya sekondari ya enzi za Waingereza. Wazee, walimu na wana wa mji waliokuwa Ghuba, Ulaya na Marekani walikubaliana jambo ambalo wengi waliliona la ndoto: kufungua chuo kikuu mahali ambapo hata shule za sekondari hazikuwa na walimu. Kilifunguliwa mwaka 1998 kikiwa na wanafunzi wachache, katika fani za ualimu na biashara. Ualimu haukuchaguliwa kwa bahati. Waanzilishi waliona kwamba bila walimu wa sekondari chuo chenyewe kingekosa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Hargeisa kikafuata mwaka 2000. Vyote viwili vikafungua udaktari, na kwa msaada wa wataalamu wa hospitali ya King's ya London, walioanza kushirikiana na Somaliland mwaka 2000, madaktari wa kwanza waliosomea nyumbani walihitimu mwaka 2007.

Miaka ya kwanza ya Amoud ndugu wa nje walituma vitabu, viti na fedha, lakini mji nao ulichanga na wanafunzi walilipa ada. Hilo la mwisho linawaudhi baadhi ya wahisani, wanaotaka elimu itolewe bure. Naelewa nia yao, ila kwa maoni yangu wanakosea. Ada ndogo inayolipwa na wengi, pamoja na udhamini kwa wasio nacho, imeviweka vyuo vile hai kwa zaidi ya miaka 25. Shule nyingi za bure zilizofunguliwa kwa ruzuku ya miaka mitatu zimefungwa mwaka wa nne.

Kurudi wenyewe

Kuna waliorudi wenyewe pamoja na pesa zao. Hawa Aden Mohamed aliondoka Canada katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1999 akaanzisha kituo cha elimu na amani Gaalkacyo, mji uliogawanyika kiukoo na kiutawala, akafungua shule za wasichana, mafunzo ya ushonaji kwa wanawake waliokimbia makwao na useremala kwa vijana wa kiume. Mwanzoni alipingwa vikali na watu walioona kwamba anawapotosha mabinti. Mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa.

Wengine wanarudi kwa muda. Kuanzia mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kwa fedha za Finland, limewapeleka Hargeisa madaktari, wauguzi na mafundi wa maabara wa Kisomali waliosomea au kufanya kazi Finland, wakae miezi kadhaa na kufundisha wenzao hospitalini. Mpango una thamani kubwa, na una mwiba wake. Muuguzi wa Hargeisa aliyebaki miaka yote ya shida anamwona mwenzake aliyetoka Helsinki akilipwa mara nyingi ya mshahara wake kwa kazi ileile, na kusikilizwa zaidi kwenye kikao. Mipango iliyofaulu ni ile iliyomfanya mgeni awe mkufunzi wa mtu fulani anayejulikana kwa jina, ambaye atabaki na wodi mgeni akiondoka.

Na kurudi kuna bei. Tarehe 3 Desemba 2009, Hoteli ya Shamo mjini Mogadishu, Chuo Kikuu cha Benadir kilikuwa kikiwatunuku vijana wake wa udaktari. Mtu aliyejifunga bomu alijilipua katikati ya sherehe. Zaidi ya watu 20 walikufa: wanafunzi, wazazi, wahadhiri, na mawaziri, wakiwemo Qamar Aden Ali wa afya, aliyekuwa ameishi Uingereza, na Ibrahim Hassan Addow wa elimu ya juu, aliyekuwa ameishi Marekani. Walikuwa wamerudi kuisaidia nchi isimame. Chuo hakikufungwa. Kimeendelea kutoa madaktari mpaka leo.

Wasio na mtu nje

Sasa tufike kwenye jambo ambalo Wasomali wenyewe hulisema kwa sauti ya chini. Jumuiya nyingi za ughaibuni ni za mji mmoja, na mji mmoja mara nyingi maana yake ni ukoo mmoja. Hiyo ndiyo siri ya nguvu yake: mkandarasi akila pesa, baba yake atafuatwa msikitini. Lakini maana yake pia ni kwamba msaada hufuata damu, na asiye na damu yake nje hapati.

Njaa ya 2011 ilionyesha hilo kwa ukatili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi ni Bay, Bakool na Shabelle ya Chini, nchi ya wakulima wa ukoo wa Rahanweyn na ya Wabantu wa Somalia. Mvua ilikosekana sehemu nyingi, Al-Shabaab waliyafukuza mashirika, na sheria za Marekani za kupambana na ugaidi ziliwatia hofu wafadhili. Hayo yote ni kweli. Lakini watafiti walioifuatilia njaa ile waliona pia kwamba jamii zilizoangamia ndizo zilizokuwa na ndugu wachache mno ughaibuni. Mfugaji mwenye binti Toronto alipokea dola 150 akanunua maji. Mkulima wa kando ya mto hakuwa na wa kumpigia.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili hao si watu wa mbali. Baadhi ya Wabantu wa Somalia ni wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka kaskazini mashariki ya Tanzania ya leo, na wapo ambao bado wanakisema Kizigua. Vita vilipowakumba, wengine walirudi Handeni, mkoani Tanga, wakapewa ardhi Chogo, na baadaye wengi wao uraia wa Tanzania. Wengine, zaidi ya 12,000, walichukuliwa na Marekani kutoka kambi za Kenya kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na sasa wana jumuiya zao katika miji kama Lewiston, Maine. Wabarawa nao, wenye Chimwiini chao, lahaja ya Kiswahili, wako London na Columbus. Kwa mara ya kwanza bonde la Juba, kwao Wabantu hao, na mji wa Barawa wana watu wao wa kuwapigia simu. Ni afadhali kubwa, ila haiondoi tatizo, kwa sababu haki ya mtoto kupata chanjo haifai kutegemea shangazi yake alipata viza au la.

Baadhi ya jumuiya zimelitambua hili na kuamua kwa makusudi kuwa na wadhamini wa koo tofauti na miradi katika mikoa ambayo hakuna mdhamini anayetoka. Zinachangisha kwa shida zaidi, kwa sababu mtoaji hana binamu wa kumuuliza kama kisima kweli kimechimbwa. Nadhani ndizo zinazostahili ruzuku za umma kuliko nyingine zote.

Kontena, mitaala, na mwaka wa tano

Katika misaada yote, kontena la vifaa ndilo linalopendwa zaidi na kusumbua zaidi. Hospitali ya Ulaya inabadilisha mashine zake, jumuiya inaomba zile za zamani, picha zinapigwa, kontena linaondoka kwenda bandari ya Berbera au Mogadishu. Huko linasubiri forodha. Likifika, mashine ya eksirei inahitaji umeme tulivu na umeme wa mji unapanda na kushuka. Mashine ya maabara inataka vitendanishi vinavyouzwa na kampuni moja tu duniani. Vipuri havipo, na maelekezo yameandikwa kwa Kiswidi. Gharama ya kulisafirisha kontena lile ingemlipa fundi wa vifaa tiba kwa muda mrefu, na fundi ndiye aliyekosekana tangu mwanzo. Jumuiya zilizokomaa siku hizi huanza kwa kumuuliza mganga mkuu orodha yake, na hukataa zawadi isiyokuwamo.

Kwa upande wa shule, uhuru wa kila mji kujenga yake ulileta mkorogo. Kwa miaka mingi shule moja ilifundisha kwa Kiarabu kwa mtaala wa Ghuba, jirani yake kwa Kiingereza kwa mtaala wa Kenya, ya tatu kwa Kisomali. Mtoto akihamia mtaa wa pili alianza upya. Wizara zilipopata nguvu za kurudisha mtihani na mtaala wa taifa, zilikuta elimu karibu yote iko mikononi mwa watu binafsi na wahisani ambao hawakuzoea kuulizwa. Jumuiya ya ughaibuni inayojenga shule leo bila kukaa na ofisa elimu wa wilaya inaongeza tatizo hilo, hata kama nia yake ni safi.

Kinachobaki ni fedha za mwaka wa tano. Watu wanaotuma ni kizazi kilichozaliwa Somalia, na kinazeeka. Watoto wao wa Minneapolis na Malmö hutoa vizuri wakati wa maafa, kupitia simu, kwa kampeni waliyoiona mtandaoni, lakini si wengi wanaojifunga kulipa dola 20 kila mwezi kwa zahanati ya mji wasiowahi kuuona. Mwaka 2025 misaada ya serikali ya Marekani ilikatwa na vituo vingi vya afya Somalia vikafungwa au kupunguza huduma, na kuanzia Januari 2026 fedha taslimu zinazotumwa nje kutoka Marekani zinatozwa asilimia 1.

Kwa hiyo viongozi wenye kuona mbali wanarudi kwenye jambo ambalo pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, inalijua vizuri: wakfu. Badala ya kuwaomba watu mishahara ya walimu kila mwezi wa Ramadhani, jumuiya inachangisha mara moja, inanunua maduka matatu au nyumba ya kupangisha katika mji wenye biashara, na kodi inalipa shule. Fedha za kuanzia ni nyingi, na watoaji wanapenda kuona darasa kuliko duka. Ugumu mkubwa zaidi ni ardhi yenyewe. Mogadishu na Kismayo kuna viwanja vyenye hati tatu za watu watatu, zilizotolewa na serikali tatu tofauti. Kabla ya kumlipa muuzaji, jumuiya inahitaji wakili wa hapohapo, wazee wa mtaa watakaoshuhudia mpaka, na makubaliano ya maandishi kwamba mali ni ya shule, na kwamba mdhamini aliyeandikwa kwenye hati akifa warithi wake hawana fungu.